Ijumaa ya Lindsay Tregenza

Shemeji yangu Lindsay Tregenza alifariki siku ya Alhamisi, na kwa mtu aliyenisumbua kwa takriban nusu karne, sikutarajia achague siku nyingine. Angefariki Jumamosi, tungemzika kwa amani. Wanafunzi wake wangelia, wangekula skonzi za dada yangu Elspeth kwa jamu na malai, kisha wangerudi makwao. Lakini alifariki Alhamisi, majagi saba yakiwa yamekauka juu ya ubao karakanani mwake, hayajapita Ijumaa. Kwa sababu hiyo mimi, mtu mwenye wajukuu na vitukuu, nilijikuta nimesimama baina ya watu wazima wanaogombana mbele ya pipa la maji machafu.

Sina budi kueleza Ijumaa ilikuwa nini.

Kila Ijumaa baada ya chai ya alasiri, Lindsay alilivuta pipa hadi mlangoni pa karakana, penye mwanga. Vyombo vyote vilivyofinyangwa juma lililotangulia, vyake na vya wanafunzi wake, vilikuwa vimepangwa juu ya ubao, vikavu na vyeupe, bado havijaonja moto. Alivipitia kimoja kimoja. Kilichomridhisha alikirudisha rafuni kingoje zamu yake tanurini. Kisichomridhisha alikitumbukiza pipani. Udongo mkavu ukiingia majini hutoa mlio kama wa chupa ya soda inayofunguliwa. Chombo hujaa mapovu, hulegea mabega, na punde si punde huwa tope. Tope lile lilikandwa upya na kurudi kwenye gurudumu. Hakuna aliyeruhusiwa kukitetea chombo chake, wala Lindsay hakuvitetea vya kwake. Niliona Ijumaa ambazo kazi yake ya juma zima iliishia pipani huku bakuli la mwanafunzi mgeni likirudi rafuni. Na kwa kuwa hakuna chombo kilichoandikwa jina katika karakana ile, mtu aliyefika Jumamosi hakuweza kujua kipi kilikuwa cha nani.

Nilimwajiri mimi mwenyewe kufundisha ufinyanzi katika shule yangu, kabla hajamwoa dada yangu. Laiti ningalijua la pili, nisingalifanya la kwanza. Muhula wake wa kwanza ulipokwisha, nilimwita ofisini anipe alama za wanafunzi wake. Shule ni shule. Katika shule yangu kila mtihani ulisahihishwa jina la mwanafunzi likiwa limefunikwa kwa kipande cha karatasi, utaratibu nilioanzisha mwenyewe na ambao hadi leo najivunia.

"Mwalimu Mkuu," akasema Lindsay, "ukionja supu, huwa unauliza kwanza chumvi ilinunuliwa duka gani?"

"Sijauliza habari za supu. Nimeuliza alama."

"Kwani umeshakula?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza swali alikujibu kwa swali, na ukilikasirikia la pili alikupa la tatu. Mwaka huohuo Bi Kilmartin, mke wa diwani, aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, mkoba mkononi kama silaha. Mwanawe alikuwa amefinyanga chombo cha maua kwa ajili ya Siku ya Mama, naye Lindsay alikuwa amekitumbukiza pipani mbele ya darasa zima.

"Mwanangu amelia usiku kucha!" akasema. "Mtu gani huyo anayeharibu zawadi ya mama?"

Nilimtetea Lindsay, ingawa rohoni nilitamani kumtumbukiza yeye pipani. Nilimwambia Bi Kilmartin kwamba mwanawe alikuwa ameshindwa hesabu pia, na kwa hilo hakuja. Akatoka akiubamiza mlango. Mtoto yule, Desmond, alirudi karakanani Jumatatu, akaufinyanga upya udongo uleule, na hakuacha tena ufinyanzi mpaka ulipompeleka kwenye baraza la jumba la sanaa la mkoa. Huko ameketi miaka mingi akivizungumzia vyombo vya udongo vilivyo nyuma ya vioo.

Sasa nije kwa mjukuu wangu. Tamsin ana akili kuliko wote niliowafundisha, nami sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu. Nasema hivyo kwa kuwa nimeziona alama zake. Aliacha masomo ya sheria mwaka wa pili ili akakande udongo kwa Lindsay. Nilikaa miezi kadhaa bila kuzungumza na shemeji yangu. Yeye hakuligundua hilo, na hiyo ilinikera zaidi.

Katika miaka yake miwili ya mwisho mikono ya Lindsay ilianza kutetemeka. Siku za nafuu alifinyanga mwenyewe. Siku mbaya alikaa kwenye kigoda, na Tamsin akaketi kwenye gurudumu akifinyanga huku yule mzee akigunaguna kando yake. Hakuna aliyejua habari hizo isipokuwa watu wa nyumbani. Siku chache baada ya mazishi, tukiwa tunaosha vyombo jikoni kwa Elspeth, Tamsin aliniambia jambo.

"Babu, yale majagi saba si yote ya Babu Lindsay."

"Yepi ni yako?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Nikisema tu, watu watayaangalia kwa macho mengine." Alikuwa akisugua sufuria ambayo ilikwisha takata zamani. "Babu, jagi kubwa hajawahi kunipitisha hata moja. Vikombe, sawa. Bakuli, sawa. Jagi kubwa, pipani kila wiki. Haya ndiyo ya kwanza niliyoyaweka ubaoni bila kuona aibu. Halafu yeye anakufa Alhamisi! Alhamisi, Babu!"

"Hakufanya makusudi."

"Huyo? Sina hakika." Akacheka kidogo. "Yakichomwa hivihivi kwa sababu tu yeye hayupo, maisha yangu yote sitajua kama mimi ni mfinyanzi, au nilikuwa mikono ya kuazima tu. Nataka Ijumaa yangu. Basi. Na wewe usiseme kitu."

Nikamwahidi. Nililelewa kuamini kwamba ahadi haivunjwi hata ikuchome ulimi, na ulimi wangu ulichomeka sana katika siku zilizofuata.

Elspeth aliwaalika wanafunzi watatu wa zamani waje washauriane namna ya kumkumbuka mumewe. Walifika Ijumaa, katika joto lile la Februari ambalo huku kwetu Gippsland huigeuza nyasi kuwa rangi ya mkate na kuwafanya kunguru wakae midomo wazi. Desmond Kilmartin alivaa koti la kitani. Roslyn Buchhorn, mwenye shule ya ufinyanzi huko Adelaide, alikuja na shanga za udongo zilizogongana kila alipogeuza kichwa, na alikigeuza mara nyingi. Wa tatu alikuwa Zoltan Szabo, mjenzi wa matanuri ya kuni, mtu mwenye mikono kama majembe, aliyeniuliza kwanza kama kuna bia.

Tulikaa karakanani. Skonzi zilipitishwa. Kisha Desmond akasimama, akajifuta midomo, akaeleza mpango wake. Majagi yote saba yachomwe pamoja, yawekwe katika chumba chenye jina la Lindsay kwenye jumba la sanaa, na taa maalumu iwashwe juu yake.

"Hizi ndizo kazi zake za mwisho," akasema. "Angalieni hili la tatu. Mtu wa miaka ile, na mikono ile! Mnaona?"

"Mdomo wake, jamani," Roslyn akadakia. "Umenifanya nisahau kupumua. Mwalimu alikuwa akiniambia, Roslyn, jagi ni mdomo. Mdomo ukikosea, yaliyobaki ni mapambo."

"Hakusema hivyo," akasema Zoltan.

"Aliniambia mimi, Zoltan. Hukuwepo."

"Mimi aliniambia nisiutazame mdomo kabisa. Kitako kikikaa sawa, mdomo utakuja wenyewe. Maneno yake hayohayo."

"Mnashangaza," akasema Desmond. "Mimi aliniambia nifumbe macho nipime uzito. Hakuniambia habari za mdomo wala kitako. Uzito."

"Wewe alikufumbisha macho ili uache kujiangalia kwenye kioo cha dirisha," akasema Zoltan.

"Na mimi," akasema Elspeth kutoka upande wa birika, "aliniambia atatengeneza bomba la jikoni. Sikumbuki mwaka gani. Nani anataka chai nyingine?"

Niliwasikiliza kwa uvumilivu mwingi kuliko waliostahili. Watatu hawa walikuwa wamesoma kwa mwalimu mmoja, katika chumba kimoja, juu ya udongo mmoja, na kila mmoja alikuwa ametoka na sheria yake, akiitunza kama hati ya shamba. Katika shule yangu walimu watatu wakitoa majibu matatu kwa swali moja, ningewaita ofisini kabla ya kengele ya mapumziko. Lindsay alikuwa akimwambia kila mmoja jambo lake, kisha akienda zake kuvuta mtemba, akaniachia mimi nisikilize ugomvi wao baada ya kufa kwake.

Tamsin alikuwa amesimama karibu na rafu. Akakohoa.

"Leo ni Ijumaa," akasema. "Tungefanya Ijumaa tu. Kama kawaida."

Desmond akamtazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. "Unasema nini, binti?"

"Tulivute pipa mlangoni. Tuyapitie. Yanayofaa yabaki, yasiyofaa yaingie. Hivi ndivyo angefanya leo."

"Mpenzi wangu," akasema Roslyn kwa sauti laini iliyonikwaruza, "tunajua ulimsaidia sana. Kukanda udongo, kufagia. Tunakushukuru. Lakini hizi ni kazi za mwisho za Mwalimu. Huwezi kuzitia kwenye pipa."

"Yeye angezitia."

"Yeye alikuwa Lindsay Tregenza," akasema Desmond. "Wewe nani?"

Swali lile lilipita kifuani mwangu kama msumari. Nilimtazama Tamsin, akanitikisia kichwa, ishara ya kunifunga mdomo. Nikaufunga. Hata hivyo ahadi yangu haikunikataza kusema yaliyo ya kweli kwa kila mtu, hivyo nikasimama.

"Bwana Kilmartin," nikasema, "kazi isiyosahihishwa haipewi cheti. Nilikwambia hivyo ulipokuwa na miaka kumi na mitatu, na sheria haijabadilika."

"Kwa heshima zote, Mwalimu Mkuu, hapa si shuleni."

"Hilo naliona. Shuleni mngekuwa mmeshaketi."

"Mimi niko tayari kwa Ijumaa," akasema Zoltan. "Na moto wenyewe mnaouzungumzia umepigwa marufuku kwa ukame huu mpaka mvua inyeshe. Mtu akiwasha tanuri la kuni leo, zimamoto watafika kabla ya chai kupoa. Kwa nini tunagombania moto usiokuwepo?"

"Hakuna jagi linaloingia pipani leo," Desmond akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu, si ya baraza. "Hata moja. Mnanisikia? Alinitumbukizia chombo changu cha kwanza mbele ya watu. Nilisimama pale nikikiona kinayeyuka. Mama yangu hakuwahi kukishika. Leo yeye hayupo, na mimi sikubali kitu chake kiyeyuke." Akageukia ubao, akanyoosha mkono. "Tazameni hili! Mtu mwenye akili timamu anawezaje kuliyeyusha hili?"

Akalinyanyua jagi la pili. Akalinyanyua kwa mkono wake, ule uliotoka ubavuni mwa jagi.

Jambo la kwanza ambalo Lindsay alimfundisha kila mtu, kabla hata ya kumwonyesha pa kukaa, ni kwamba jagi bichi halishikwi mkono. Linabebwa kwa viganja viwili chini ya tumbo, kama kifaranga. Katika hilo tu hakumpa mtu sheria tofauti. Lakini miaka mingi ya majagi yaliyo nyuma ya vioo na taa maalumu ilikuwa imemsahaulisha Desmond. Tulisikia mlio mdogo, mkavu, kama biskuti inayovunjwa. Jagi likarudi ubaoni kwa kishindo kidogo, likasimama wima likiwa na makovu mawili ubavuni. Mkono wa jagi ukabaki kidoleni mwa Desmond.

Desmond alitazama kidole chake. Uso wake ukageuka ukawa uleule wa mtoto niliyemwona mlangoni kwangu nyuma ya sketi ya mama yake.

"Ee Mungu," akasema.

"Usitikisike!" Roslyn akapiga kelele. "Uweke chini taratibu. Taratibu!"

"Tungeugundisha," akasema Zoltan, ingawa alijua vizuri kwamba udongo mkavu haugundishiki.

"Nani augundishe? Hiyo ni kumbukumbu sasa. Iache kama ilivyo," akasema Roslyn.

Desmond akatoa leso mfukoni, akaulaza ule mkono wa udongo katikati yake, akaanza kuufunga kama anayemviringisha mtoto mchanga. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadharani. "Gumba lake hili hapa," akasema. "Mnaona alivyobonyeza chini, pale mkono ulipoungana na tumbo? Hiki ndicho kidole kilichonifundisha. Nitakwenda nacho nyumbani. Elspeth, unaniruhusu?"

"Chukua, Desmond," akasema dada yangu. "Ila nadhani..."

"Mjomba Desmond," akasema Tamsin, "hilo gumba huenda ni langu."

Nje ndege mmoja aliimba juu ya paa la mabati, akaona hakuna anayemsikiliza, akaacha.

"Huenda?" akauliza Roslyn.

Tamsin akawaeleza. Aliwaeleza kwa kifupi na bila kuinua sauti: mikono iliyotetemeka, kigoda, siku za nafuu na siku mbaya, na kwamba juu ya ubao ule palikuwa na majagi ya watu wawili. Elspeth alitikisa kichwa kuthibitisha. Desmond alibaki ameshika leso yake nusu imefungwa nusu iko wazi.

"Yepi ni yako?" akauliza.

"Sisemi."

"Mbona husemi? Hapa nimesimama nalia! Namlilia nani?"

"Sijui, Mjomba. Wewe ndiye unayelia."

Zoltan akageukia ukuta, mabega yake yakicheza. Lakini Roslyn alikwisha kupata ufumbuzi, na shanga zake ziligongana kwa furaha. "Sawa kabisa! Basi ni rahisi. Atuambie yake ni yepi. Yale ya Mwalimu tuyahifadhi, hayaguswi. Yake tuyafanyie Ijumaa, kama anavyotaka. Kila mtu ameridhika."

Hapo subira yangu ikaisha. Nilikuwa nimevumilia sheria tatu za jagi moja. Nilikuwa nimevumilia kuona damu yangu ikiulizwa ni nani. Lakini kuona jagi lililokuwa takatifu wakati wa chai ya kwanza likingojea wakati wa chai ya pili kuambiwa mzazi wake ndipo lijue kama ni takatifu au ni takataka, hilo lilinishinda.

"Nyamazeni!" nikasema.

Sauti ile sikuwa nimeitumia tangu nistaafu. Niligundua kwamba bado inafanya kazi. Zoltan alitoa mikono mifukoni.

"Bi Buchhorn. Ulisema jagi la tatu lina mdomo uliokusahaulisha kupumua. Je, mdomo umebadilika?"

"Hapana, Mwalimu Mkuu, lakini..."

"Umehama? Umeota ndevu?"

"Hapana."

"Basi unalo jibu lako, au hukuwa nalo tangu mwanzo. Mmoja kati ya hayo. Na wewe, Bwana Kilmartin, ulisema hakuna mwenye akili timamu awezaye kuyeyusha lile la pili. Sasa lipo pale, halina mkono. Lilikuwa zuri au hukulitazama?"

Desmond alikuwa akiutazama ule mkono wa udongo.

Zoltan ndiye aliyelivuta pipa. Lilikwaruza sakafu mpaka mlangoni, maji yakichezacheza, na yakatulia penye mwanga. "Nani ashike?" akauliza.

"Tamsin," akasema Elspeth.

"Hawezi," akasema Desmond, lakini kwa unyonge. "Hawezi kuhukumu kazi yake mwenyewe."

"Na Lindsay alikuwa akihukumu ya nani, Desmond?" Dada yangu akaweka kikombe chini. "Miaka yote hiyo?"

Tamsin alivua pete, akapandisha mikono ya shati, akaenda ubaoni. Sikuwahi kumwona akiwa mdogo vile, wala mkubwa vile. Jagi la kwanza alilibeba kwa viganja viwili, akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani ya mdomo, akaligeuza chini juu akatazama kitako, kisha akafumba macho akalipima. Roslyn, Zoltan na Desmond wakatazamana. Jagi likarudi rafuni. Lile lisilo na mkono likaingia pipani bila maneno, likachemka, likazama. La tatu, lile la mdomo uliomwondolea Roslyn pumzi, alilitazama kwa muda, na Roslyn alizuia pumzi kwa kweli safari hii. Likarudi rafuni. La nne likaingia majini.

"Tamsin, hilo lilikuwa..." Roslyn akaanza.

"Roslyn," akasema Zoltan. "Ijumaa."

La tano likarudi rafuni.

La sita shingo yake ilikuwa nene, na limeegemea upande kidogo, kama mtu mzee anayesikiliza. Tamsin alilishika muda mrefu kuliko yote. Aliligeuza, akaligeuza tena. Nilitaka alirudishe rafuni. Nakiri kwamba, kinyume cha kanuni zote nilizozisimamia maishani, nilitaka alirudishe rafuni. Hakulitumbukiza kama mengine. Aliliteremsha majini taratibu huku amelishika, mikono ikazama mpaka viwikoni, na akabaki ameinama vile mapovu yakipanda baina ya vidole vyake, mpaka pakawa hapana tena kitu cha kushika. La saba alilimaliza haraka, nalo likaingia. Akajifuta uso kwa bega lake, akabaki na alama ya tope shavuni.

Majagi matatu yakabaki rafuni. Hakuna aliyepiga makofi, na nashukuru.

Kisha Desmond akaifungua leso. Akaupeleka ule mkono wa udongo kwenye mwanga, akaukodolea macho, akaupapasa kwa kidole kutoka juu mpaka chini kwenye ile alama ya gumba. Alifanya hivyo kwa utulivu, kama fundi.

"Umevutwa vizuri," akasema. "Umenyooka. Ila uliungwa tumbo likiwa limeshakauka mno. Ndiyo maana umetoka."

"Umetoka kwa sababu uliushika, bwege wewe," akasema Zoltan.

Desmond akacheka, kamasi na machozi pamoja. "Mama angeniona sasa," akasema, akanyoosha mkono juu ya pipa, akauachia ule wa udongo. Ukatoa mapovu machache. Akabaki akiyatazama, halafu akamgeukia Tamsin. "Lile la tano," akasema. "Hukusita hata kidogo. Uliona nini?"

"Wewe umeona nini, Mjomba?"

Akaenda rafuni kutazama. Roslyn akamfuata, na Zoltan akamfuata Roslyn, na baada ya muda walikuwa wameinama watatu juu ya jagi moja wakibishana kuhusu mdomo, kitako na uzito kama kwamba hatukuwepo. Elspeth akakusanya vikombe.

Nilimrudisha Tamsin nyumbani kwa gari langu. Aliweka viwiko vyenye tope juu ya viti ambavyo nilivisafisha mwenyewe asubuhi ile, na sikumwambia kitu, jambo ambalo naomba lihesabiwe upande wangu. Alikuwa amejilaza kitini, macho mekundu, na midomo yake ilikuwa na utulivu ambao sikuuona tangu mazishi. Tulipofika njia panda nilishindwa kujizuia.

"Yale matatu, Tamsin. Mangapi ni yako?"

"Babu."

"Mimi ni babu yako. Nimetunza ahadi yako juma zima. Ninayo haki. Na lile la sita? Lile lililoegemea. Lilikuwa lake, sivyo?"

Akageuka akanitazama, na nikaona kitu usoni mwake ambacho nilikifahamu vizuri mno. Nilikuwa nimekitazama kikinikabili usoni mwa Lindsay ng'ambo ya meza yangu ya ofisini kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

"Babu, ile mitihani yako," akasema, "ulikuwa unaifunika majina kabla ya kusahihisha, au baada?"

Nikatia gia, nikaondoka, wala sikuuliza tena jagi lipi ni la nani.